Barua Ifike Mkononi
Maneno yaliyosemwa mbele ya wandugu wa migodi na wa mji, juu ya kumwondoa mkubwa wa baraza la kijiji

 

Leo hatutasema juu ya mshahara. Tutasema juu ya karatasi moja, karatasi ndogo, ambayo watu wengi wanaidharau. Ni ile barua ambayo mtu aliyechaguliwa na watu anapaswa kuipokea kabla baraza halijakaa kumwondoa kitini. Mtasema: hayo ni maneno ya makarani. Hapana, wandugu. Kama mtu anaweza kuondolewa pasipo barua hiyo, basi kura mliyotupa ni maji yaliyomwagwa mchangani. Watu watano watakutana usiku nyumbani mwa mmoja wao, nao watafuta kazi ya watu mia tano waliosimama juani siku nzima.

Wengi wetu tuna makao mawili. Tunalala kambini au katika komini, lakini wazee wetu na mashamba yetu yako kijijini. Mtu akipata likizo anapanda lori, anafika nyumbani na chumvi na sabuni, na kabla hajaweka mzigo chini anasikia habari: yule tuliyemweka kuwa mkubwa wa baraza ameondolewa. Nani amemwondoa? Baraza. Siku gani? Siku moja tu, ya mvua. Yeye mwenyewe alijua? Hapo wote wananyamaza. Na wale wajumbe wa baraza walioko upande wake, waliitwa? Wananyamaza tena. Kisha kijiji kinakuwa na wakubwa wawili, mihuri miwili, na watu hawajui walipe kodi kwa nani.

Lakini kwanza tuelewane ni mkubwa gani tunayemsema. Katika Kongo chifu wa kijiji huingia kwa mila ya mababu, na kuna sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 inayosema juu ya machifu wa mila. Huyo hatumgusi leo. Tunasema juu ya mtu aliyewekwa kwa kura: mkubwa wa baraza, ikiwa ni baraza la kijiji, la komini, au la chama chenu cha kusaidiana.

Wazee wetu hawakuzoea jambo hili, na sababu iko. Wakati wa Wabelgiji, dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ilipanga shefferi na sekta, na chifu alivaa medali ya Leta kifuani. Aliyemvika medali ni Leta. Aliyeweza kumvua ni Leta vilevile. Watu hawakuulizwa siku ya kumvika, basi nani angewapelekea barua siku ya kumvua? Ni mwezi wa Desemba 1957 tu ndipo watu weusi wa Elisabethville na Jadotville, miji ambayo leo ni Lubumbashi na Likasi, walipotupa kura kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komini. Siku hiyo neno jipya liliingia: aliyewekwa na watu. Na neno hilo likiingia, lingine linalifuata nyuma: asiondolewe kwa siri na watu wachache.

Tulitafuta inchi ambayo imefanya kazi hii kwa muda mrefu, tuone wenzetu wamejikwaa wapi. Tumeona Uhindi. Wale nao walitawaliwa na Wazungu, nao ni watu wa vijiji kama sisi. Wana mabaraza ya vijiji zaidi ya 200,000. Baraza wanaliita panchayat. Mkubwa wake katika majimbo mengi anaitwa sarpanch, na katika jimbo la Uttar Pradesh anaitwa pradhan. Walibadili katiba yao, na tangu tarehe 24 Aprili 1993 katiba inasema baraza la kijiji litachaguliwa na kukaa miaka 5. Inasema tena kwamba viti visivyopungua theluthi moja ni vya wanawake, na viti vya wakubwa wa mabaraza vilevile. Kuna viti vilivyowekwa kwa ajili ya watu wa matabaka yale yaliyodharauliwa tangu zamani.

Fikirini kidogo juu ya hilo. Mwanamke wa ukoo mdogo anakaa kitini mbele ya wenye mashamba makubwa, watu ambao jana hawakumruhusu kukaa hata juu ya mkeka wao. Mnafikiri hao wenye mashamba wanafurahi? Hawawezi kumpiga mchana. Lakini wanaweza kukusanya wajumbe, kutia mikono kwenye karatasi, na kusema: tumemwondoa, hatuna imani naye. Ndiyo maana sheria za majimbo yale zimefunga njia hiyo kwa masharti.

Huko Uttar Pradesh sheria ya 1947 inasema pradhan anaweza kuondolewa na mkutano wa watu wote wa kijiji wenye kura, mkutano ulioitwa kwa ajili ya jambo hilo peke yake. Barua ya mwito itangulie kwa siku zisizopungua 15. Wakubali watu wawili katika kila watatu waliopo na wanaotupa kura. Tena mkutano wa namna hiyo umekatazwa kabisa katika kipindi cha kwanza baada ya kuchaguliwa, ili mtu asianze kuondolewa kabla hajapata joto la kiti.

Huko Maharashtra sheria ya mabaraza ya vijiji inaagiza kwamba wajumbe wasioridhika wapeleke barua yao kwa ofisa wa Leta anayeitwa tahsildar. Yeye ndiye anayeita mkutano katika siku 7, yeye ndiye anayekaa mbele, na hana kura. Sarpanch anayeshitakiwa anayo haki ya kusema katika mkutano huo, naye ana haki ya kutupa kura yake kama wengine. Hapo kuna jambo ambalo tungependa mlishike: wanaotaka kumwondoa mtu si wao wanaoita mkutano wa kumwondoa. Mwindaji hapewi kazi ya kumwita mnyama.

Lakini jimbo ambalo limeandika habari ya barua kwa uangalifu kuliko mengine tuliyoyasoma ni Karnataka, ambalo hadi 1973 liliitwa Mysore. Kanuni zao za 1994 zinasema hivi. Wajumbe wanaandika barua yao, na wawili kati yao wanaipeleka kwa mikono yao wenyewe kwa ofisa wa wilaya. Ofisa anaweka siku ya mkutano, isizidi siku 30 tangu alipopokea, na mahali pake ni nyumba ya baraza lenyewe, si hoteli, si nyumba ya tajiri. Kisha anapelekea wajumbe wote barua ya mwito, na kati ya barua na mkutano ziwe siku 15 kamili.

Na barua hiyo inafikaje? Kwanza, anapewa mtu mwenyewe mkononi. Asipoonekana, inaachwa mahali anapojulikana kukaa au kufanya kazi yake, au inapewa mtu mzima wa nyumba yake. Kama njia hizo zote haziwezekani, inabandikwa kwenye nyumba yake, mahali panapoonekana na watu. Oneni utaratibu wake: hawaanzi na mlango. Wanaanza na mkono. Mlango ni wa mwisho kabisa. Huku kwetu mtu mvivu anaanza na mlango, tena anabandika jioni na mvua inaosha usiku, kesho yake anaapa kwamba ameipeleka.

Tusimame kidogo hapa, maana maneno haya mawili, siku kamili, yamewaangusha watu wengi wenye haki. Siku kamili maana yake siku ya kupokea barua haihesabiwi, na siku ya mkutano haihesabiwi. Zinahesabiwa zile za katikati tu. Mtu akipokea barua tarehe 1, na sheria inataka siku 15 kamili, mnaanza kuhesabu tarehe 2, mnafika 15 siku ya tarehe 16. Mkutano hauwezi kuwa kabla ya tarehe 17. Anayeweka mkutano tarehe 16 amepunguza siku moja. Ninyi wa migodi mnajua hesabu hii vizuri. Kapita akikuandikia siku ya kazi ambayo hukumaliza, unafurahi. Akikufuta siku uliyomaliza, unakwenda ofisini na kelele. Basi mhesabieni na mwingine kama mnavyojihesabia wenyewe.

Mtu atauliza: hesabu inaanza siku barua ilipotoka ofisini, ama siku ilipofika? Neno hili lilipelekwa mbele ya tribinali kubwa kupita zote ya Uhindi, nayo ikaamua mwaka 1964. Kesi yenyewe haikutoka kijijini, ilitoka katika baraza la mji mdogo wa jimbo la Mysore, lakini maneno yake yanasomwa mpaka leo katika kesi za vijiji. Wajumbe walitaka kumwondoa prezida wa baraza lao. Sheria ilitaka barua itangulie kwa siku 3 kamili. Barua zilitoka tarehe 10 Oktoba 1963, mkutano ulikuwa tarehe 14. Mnaona? Aliyepata barua yake tarehe 10 ileile alikuwa na tarehe 11, 12 na 13, siku zake zilitimia. Lakini wengine walipata baadaye, na kwao hazikutimia.

Watu wa baraza walijitetea: sisi tulituma tarehe 10, kazi yetu iliisha pale. Tribinali ilikataa. Ilisema kutuma si kutoa. Kitu hakijatolewa mpaka kimefika mkononi mwa mtu, au angalau kimenyoshwa mbele yake. Akikataa kukipokea, hilo ni shauri lake, mwenye kutoa amemaliza kazi. Lakini kutia barua katika sanduku la posta na kusema "nimempa" hapana. Sisi tunaona maneno hayo ni ya haki kabisa. Kila mama aliyengoja franka kutoka kwa mume wake aliye mbali anajua tofauti ya pesa zilizotumwa na pesa zilizofika.

Tungependa kuacha kesi hiyo hapa, maana imetupendeza. Lakini tutakuwa waongo tusiposema na upande wake wa pili. Tribinali ileile haikumrudisha prezida kitini. Ilisema ile hesabu ya siku 3 ni agizo zuri la kufuatwa, walakini kupungua kwake hakufuti kura papo hapo. Lazima kwanza kuuliza kama upungufu ule ulimdhuru mtu. Na katika kesi ile wajumbe karibu wote walifika mkutanoni, wakasikia, wakatupa kura. Hakuna aliyefungiwa nje. Basi kura ilisimama.

Wengine kati yetu hawakupenda neno hilo. Walisema: sheria ni sheria, siku ni siku. Tumelijadili, na mawazo yetu ni haya. Mkubwa aliyekaa mkutanoni, aliyesema maneno yake yote, aliyeshindwa kwa kura wazi, kisha anakimbilia tribinali kwa sababu ya nusu siku, huyo hatafuti haki. Anatafuta kitambaa cha kufunika aibu. Tribinali ilifanya vema kumfukuza. Lakini baraza linalosema moyoni, "tupunguze siku, tribinali itatusamehe", hilo nalo linacheza na moto. Maana haliwezi kujua mbele ya wakati nani atashindwa kufika. Mjumbe mmoja yuko shambani ng'ambo ya mto. Mwingine analala hospitali. Mwingine yuko zamu ya usiku hapa Kolwezi. Siku zile zimewekwa kwa ajili yao, na hakuna anayeweza kuzitoa sadaka kwa niaba yao.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo watu wanakosea sana. Wanafikiri barua ni ya mkubwa peke yake. Wanasema: tumemwarifu yeye, basi imetosha. Haijatosha! Barua ni ya kila mjumbe wa baraza. Tuseme baraza lina wajumbe 9. Watano wanataka mkubwa aondoke, wanne hawataki. Wale watano wanampa mkubwa barua, lakini hawawapi wawili kati ya wale wanne. Siku ya mkutano wako watu 7: watano upande mmoja, wawili upande wa pili. Kama sheria inataka theluthi mbili ya waliopo, 5 katika 7 imepita. Lakini kama wote 9 wangekuwapo, 5 katika 9 isingepita. Mmeona namna barua mbili zilivyoshinda uchaguzi? Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyehongwa. Barua mbili tu hazikufika. Na wale wajumbe wawili wana watu nyuma yao, watu waliowachagua ili waseme kwa kinywa chao, nao vinywa vyao vimefungwa pasipo wao kujua.

Kwa hiyo mkisikia kijijini kwamba baraza limemwondoa mtu, msiulize kwanza alipata kura ngapi. Ulizeni kwanza nani aliitwa.

Na barua yenyewe iseme nini? Siku, saa, mahali. Na jambo. Jambo liandikwe wazi: mkutano huu ni wa kujadili kama fulani aondolewe katika kazi ya ukubwa wa baraza. Tunajua hila ya watu. Wanaandika: habari ya kisima, habari ya barabara, habari ya shule, na mambo mengine. Mjumbe anasoma anasema, kisima kinaweza kungoja, nitakwenda kuvuna muhogo wangu. Anakwenda shambani. Kumbe ndani ya yale "mambo mengine" wamemficha nyoka. Mkutano wa kumwondoa mtu usichanganywe na kisima. Uttar Pradesh sheria yao imesema hivyo: mkutano ulioitwa kwa ajili ya jambo hilo.

Sasa tunasikia neno moja kutoka nyuma, na ni neno la kweli. Mnasema: kama mkubwa ni mwizi? Anakula pesa za dispensari, tumngoje siku 15 amalize na mabati ya shule? Hapana, msimngoje na sanduku la pesa. Sanduku lina njia yake. Ombeni vitabu vikaguliwe leo, msimruhusu kutia mkono peke yake kwenye karatasi za benki, pelekeni mashitaka kwa wenye kazi hiyo. Hayo hayahitaji siku 15. Lakini kumfunga mkono ni jambo moja, na kumvua kazi aliyopewa na watu ni jambo la pili. Tena kama kweli ni mwizi, barua inawafaa ninyi kuliko yeye. Siku hizo ni za kukusanya risiti, za kuwaita mafundi waseme walilipwa ngapi, za kuwaeleza watu. Kama mna kura, kungoja hakuwapunguzii hata moja. Anayekimbia ni yule anayeogopa kwamba watu wakifikiri siku 15 watamkataa yeye.

Liko na neno la upande mwingine, la mkubwa mjanja. Akisikia barua inakuja, anapanda baiskeli kwenda kwa shemeji yake, anakaa huko mwezi mzima, kisha anasema sikupata barua. Ndiyo maana wale wa Karnataka waliweka njia ya nyumba na njia ya mlango. Anayejificha asipewe faida ya kujificha. Ila mpelekaji wa barua aandike: nilikwenda siku hii saa hii, nilimkuta nani, aliniambia nini, na watu wawili waliokuwa pamoja nami ni hawa. Pasipo maandishi hayo, neno lake na neno la mkubwa ni sawasawa, na tribinali itafanya nini na maneno mawili yaliyo sawa?

Wandugu, msifikiri haya ni ya vijiji tu, au ya inchi za mbali. Inchi yetu hii iliumia kwa jambo hilihili. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ilimpa Mkubwa wa Leta uwezo wa kuweka na kuondoa Waziri wa Kwanza, na ilitaka kila tendo lake litiwe sahihi na waziri. Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960, Kasavubu alikwenda kwenye radio ya Leopoldville, akatangaza kwamba Lumumba ameondolewa. Radio! Waziri wa Kwanza ambaye Bunge lilimpa imani mwezi Juni alisikia kuondolewa kwake pamoja na watu wote wenye chombo nyumbani. Usiku uleule Lumumba naye alikwenda kwenye radio, akasema Kasavubu si Mkubwa wa Leta tena. Wajumbe wa Bunge, wale waliochaguliwa na watu, walikuwa bado hawajaitwa kukaa juu ya jambo hilo. Walikaa baadaye. Tarehe 7 Septemba Baraza la Wajumbe lilifuta maondoleo yote mawili kwa kura 60 dhidi ya 19. Tarehe 8 Senati ilifuta yale ya Kasavubu kwa kura 41 dhidi ya 2. Kura zilikuwa nyingi, lakini zilikuja nyuma ya radio. Tarehe 14 Mobutu alisema anawaweka pembeni wote, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa hapa Katanga.

Hatusemi barua moja ingemwokoa. Waliotaka afe walikuwa na nguvu kuliko karatasi. Tunasema hivi: mtu akiondolewa kwa sauti inayopita hewani, hakuna mahali pa kujibu isipokuwa hewani, na baada ya hewa ni bunduki.

Waliotunga katiba ya tarehe 18 Februari 2006 walikumbuka kitu. Kifungu cha 146 kinasema hoja ya kuiangusha serikali ikiisha kuwekwa mezani, mjadala na kura visifanywe mpaka masaa 48 yapite. Kifungu cha 198 kinapeleka mpango huohuo katika provensi. Na kifungu cha 19 kinalinda haki ya kujitetea. Haya si mapambo. Mwaka 2017 Baraza la Provensi ya Haut-Katanga lilitupa kura ya kumwondoa gavana, na Tribinali ya Katiba ikaifuta kura hiyo kwa sababu haki yake ya kujitetea ilivunjwa. Wengi wenu hamkumpenda gavana yule, wengine mlimpenda. Hilo si neno. Kama hata gavana mwenye magari na mawakili anahitaji kulindwa na saa chache na nafasi ya kusema, mkubwa wa baraza la kijiji, mwenye baiskeli moja, anahitaji zaidi.

Masaa 48, kusema kweli, sisi tunayaona machache. Yanawatosha wajumbe wanaokaa mji mmoja na wana simu. Kijijini, ambako mtu anatembea siku nzima kwenda kumwita mwenzake, masaa 48 ni hila. Mkiandika kanuni za chama chenu au za baraza lenu, msinakili namba ya Bunge. Wekeni siku 15, na kama njia ni mbaya wakati wa mvua, wekeni 20. Andikeni pia nani anaita mkutano, maana hapo ndipo ugomvi unapoanza: mkubwa hataki kuita mkutano wa kujiondoa, na adui zake wanataka kuuita wenyewe. Mpeni kazi hiyo mtu wa tatu, mwandishi wa chama au mzee asiye na kura, na mmwekee siku za mwisho ili asilale juu ya barua.

Tumeulizwa maswali, na moja tutalijibu hapa kabla watu wa zamu ya saa nane hawajaondoka. Mama mmoja ameuliza: na kama mkubwa, au mjumbe, hajui kusoma? Barua iliyoletwa mkononi mwake imefika ama haijafika?

Mama, umeuliza vizuri. Kanuni zile za Karnataka zinasema apewe, akipewa, amepewa. Lakini sisi tunataka zaidi ya hapo. Kwanza, barua iandikwe kwa lugha anayosikia. Kumpelekea mtu wa kijiji barua ya Kifaransa kizito, yenye muhuri mkubwa, ni kumpelekea woga, si habari. Pili, mpelekaji asimpe akaondoka. Amsomee yote kwa sauti mbele ya mtu wa nyumba yake na jirani mmoja, polepole, na arudie siku na saa ya mkutano mara mbili. Kisha mwenye kupokea atie alama ya kidole katika buku la mpelekaji, na jirani atie mkono wake chini. Nakala moja ibaki nyumbani kwake, hata kama hawezi kuisoma, kwa sababu mtoto wake wa shule atarudi jioni na ataisoma. Na tarehe iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana 1 inageuka kuwa 7 upesi sana mikononi mwa watu wenye haraka.